Muhogo wa Majini

Siku mbili kabla, kipaza sauti kilipita kwa gari,
betri imechoka, dereva ana mafua,
kikasema: mkutano, skulini, baada ya laasiri,
muhogo wa jeni.
Upepo ukachukua e, ukarudisha i.
Kufika magharibi Minungwini nzima inajua
serikali inaleta muhogo wa majini,
na waliosikia nusu wakauliza
utapandwaje majini, mikokoni au mwambani?

Tangazo nililiandika mimi.
Nilikaa Chake siku nne na karatasi za wataalamu,
kila neno nikilipiga msasa.
“Vinasaba” nililiona zito,
nikaweka “jeni”: fupi, la kisasa.
Miaka mitatu ya chuo, hawakunifunza
kwamba sera hupita mdomoni mwa dereva mwenye mafua.

Wakaja themanini na tatu. Niliwahesabu, fomu inataka.
Dakta Msellem akawasha picha ukutani:
jani la kijani, halina neno,
kisha mzizi uliokatwa,
ndani kahawia, kama betri iliyopasuka.
Hapo hakuhitaji mkalimani.
Darasa liliguna. Kila mmoja aliwahi kuchimba shimo lile,
kuinua muhogo mnene, kuuvunja,
na kusimama kimya nao mkononi.

Akaeleza kibali, uzio wa majaribio,
bodi itakayokaa, siku tisini za maoni.
Alisema “usalama” mara kumi na moja.
Kijana mmoja: mbona kwao wenyewe waliukataa?
Mwengine: nani kakwambia?
Simu.
Simu ya nani? Wakacheka,
na kicheko kile kilitufaa kuliko picha zote.

Kisha akainuka Mize Shoka,
udongo bado kwenye visigino.
Hakuuliza jini, hakuuliza saratani.
“Mie mbegu yangu kanipa Bikombo,
Bikombo kapewa na wifi yake wa Mtambwe,
nami mwaka jana nikampa huyu, na huyu.
Vijiti hivyo vyenu,
jirani akija mlangoni mkono mtupu,
ntampa, au ntaambiwa nimeiba?”

Dakta akanitazama. Nami nikatazama kijitabu.
Kurasa kumi na mbili, rangi nne,
ukurasa wa saba mama anacheka na pakacha lake.
Kumpa jirani hakumo.
Nikasema: swali zuri, tutalifikisha.
Akakaa taratibu, kama mtu aliyerudishiwa
chenji pungufu na hataki ugomvi.

Nimelifikisha. Nililiandika kwa maneno yake,
na mkono mtupu nikauandika.
Wiki ya pili ripoti ilirudi kutoka Unguja imesafishwa:
Wananchi wana uelewa mdogo. Elimu iendelee.
Waliofikiwa: 83.
Swali la Mize limeingia kwenye “mengineyo”.

Sisemi muhogo ule ni mbaya.
Sijui. Wanaojua kunishinda wangali wanapima.
Nimeuona mzizi uliooza, nimewaona wajukuu wa Mize
wakisubiri bada isiyotosha.
Huenda ndiyo dawa.
Ndiyo maana nataka nijue
pale mlangoni patakuwaje.

Siku ile tukikunja waya alinifuata garini
na vijiti vitatu, vya kwake, vya kale,
kavifunga kwa karatasi. Kijitabu changu,
ukurasa wa saba, mama yule kakunjika katikati ya kicheko.
“Kapande. Huku hatudaiani risiti.”

Nimevitia kwenye ndoo ya rangi, barazani, Machomane.
Viwili vimechipua.
Kila asubuhi nageuza jani, natafuta michirizi,
na fomu mpya iko mezani, kisanduku cha tisa:
changamoto za mawasiliano.
Bado sijaandika kitu.
Jirani wa ghorofa ya juu keshauliza:
huo muhogo wako, ukikua,
utanikatia?